Bibi Harusi wa London na Kisasi cha Kua

Mtu asimamaye pwani ya Utende, kusini-mashariki ya kisiwa cha Mafia, huiona Chole ng'ambo ya ghuba, na nyuma ya Chole kiko kisiwa cha Juani, penye magofu ya mji wa Kua. Juu ya mji huo pana kisa kisimuliwacho Mafia tangu zamani. Watu wa Kisimani, mji wa upande wa magharibi ambao bahari imekwisha kuumeza, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua siku ya kulishua. Kumbe walikusudia uovu: waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza miaka mingi. Kisha nao wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hata akabaki mzee mmoja tu akiwazungumza wageni. Na mlango ukajengwa kwa mawe. Khabari ikapelekwa Kisimani kwamba deni limelipwa.

Kisa hiki kina karibu vyombo vyote vya hadithi ya upelelezi: hila, maiti, chumba kilichofungwa, na harusi iliyogeuka msiba. Akosekanaye ni mpelelezi, wala hakukosekana kwa bahati. Hapana mtu, Kua wala Kisimani, asiyejua nani aliyeua. Hadithi ya upelelezi huuliza, "Ni nani?" Hadithi ya kisasi huuliza, "Je, ilikuwa haki?" Tofauti hii ndogo ndiyo ufunguo wa ugomvi uliozuka baina ya watazamaji wa televisheni juu ya mchezo mmoja wa sikukuu, ambao ulijaribu kuuliza maswali yote mawili kwa pamoja.

Mchezo wenyewe ni ule uitwao The Abominable Bride, ulioandikwa na Mark Gatiss na Steven Moffat, ukaonyeshwa na BBC tarehe 1 Januari 2016. Ni sehemu ya pekee ya tamthilia ya Sherlock, iliyoanza mwaka 2010, ambayo humweka mpelelezi wa Arthur Conan Doyle katika London ya zama hizi, mwenye simu mkononi. Kwa ajili ya sikukuu, Holmes na rafiki yake Watson walirudishwa mwaka 1895, penye magari ya farasi na taa za gesi. Mwanamke aitwaye Emelia Ricoletti, amevaa nguo za harusi, awapiga risasi wapita njia kutoka roshani, kisha ajiua mbele ya macho ya watu. Usiku ule ule aonekana tena mzima, naye amwua mumewe. Baadaye wanaume wengine wauawa, na mjini yasemwa kwamba bibi harusi amefufuka.

Watazamaji waligawanyika. Wako waliofurahi bila kinyongo: walipenda mavazi ya kale, mizaha, na kumwona Holmes katika zama alizozaliwa nazo kitabuni. Mwaka ule ule mchezo ukapewa tuzo ya Emmy kwa filamu bora ya televisheni. Lakini wako waliolalamika kwamba wamedanganywa. Maana katikati ya mchezo yabainika kwamba London yote ile ya 1895 ni ndoto ya Holmes wa leo, aliyelewa madawa ndani ya ndege, akitafuta kujua jinsi adui yake Moriarty, aliyejipiga risasi, awezavyo kurudi. Na wako waliochukizwa na jambo la tatu: kwamba wauaji ni chama cha siri cha wanawake waliodhulumiwa, lakini anayesimama kuwaeleza watu dhuluma yao ni Holmes, nao wamesimama kimya wamevaa makofia marefu yenye ncha.

Ni kosa kudhani kwamba walalamikaji wa kwanza hawapendi mizuka. Uingereza ina desturi ya kusimulia hadithi za mizuka wakati wa Krismasi. Dickens aliitumia katika A Christmas Carol mwaka 1843. Kadhalika hadithi ya upelelezi haimkatai mzuka hata kidogo. Wasomaji wa Kiswahili walilijua hilo mapema kwa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960. Humo maiti ya tajiri mmoja yakutwa mahali pa mzimu, na wengi wako tayari kuamini kwamba mzimu umemchukua. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hawacheki wala hawaamini. Aendelea kuuliza mpaka mzimu unarudi kuwa mahali tu, na mwuaji anarudi kuwa mtu. Hapo ndipo lilipo agano baina ya mwandishi na msomaji wake: mwandishi ana ruhusa kumtisha msomaji apendavyo, maadamu mwishoni atamrudishia mzuka ule ukiwa mwanadamu mwenye jina na sababu.

Kwa kipimo hicho, The Abominable Bride haukuvunja agano pale wengi walipodhani. Mzuka wake umefumbuliwa sawasawa. Bi Ricoletti alikuwa anakufa kwa kifua kikuu. Kifo cha roshani kilikuwa cha uongo, na maiti nyingine ilitumika badala yake. Alipokwisha kumwua mumewe ndipo alipokufa kweli, na wenziwe wakavaa nguo zile zile kwa zamu. Fumbo hili ni zuri, na lina jambo jipya: jibu la "Ni nani?" si mtu mmoja, ni wengi. Kwa jibu hilo hadithi inatoka katika upelelezi na kuingia katika kisasi. Chama kile cha London ni Kua. Mpelelezi hana kazi tena. Kazi iliyobaki ni ya kadhi. Mtazamaji angoja kusikia: wanawake hawa walitendwa nini, na je, walichokitenda ni haki?

Jibu halikuja, maana hapo ndipo Holmes alipoamka.

Watetezi wa mchezo wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Wasema kwamba ndoto si hila tupu, kwa sababu miongoni mwa wanawake wa chama wamo Molly, ambaye Holmes amemdharau miaka yote, na Janine, ambaye alimchumbia kwa uongo ili apate kuingia ofisini kwa bwana wake. Ndoto basi ni dhamiri ya Holmes ikimshtaki. Hoja hii yaeleza mengi, nayo yatosha kuonyesha kwamba waandishi hawakuwa wavivu. Lakini ndoto katika hadithi hupimwa kwa aamkaye. Scrooge wa Dickens aamka asubuhi ya Krismasi amekuwa mtu mwingine, na maskini wanaomzunguka waona mabadiliko hayo mezani pao. Holmes aamka na khabari ya Moriarty. Molly na Janine hawakupata neno wala salamu. Dhuluma ya wanawake imekuwa ngazi ya kupandia fumbo jingine, na aliyekwisha kupanda akaiacha ngazi pale pale.

Kwa hiyo malalamiko mawili, la ndoto na la makofia, ni lalamiko moja lililosemwa kwa ndimi mbili. Wa kwanza wasema, "Mmetunyang'anya hadithi." Wa pili wasema, "Mmewanyang'anya wanawake hawa sauti yao." Wote wawili walikuwa wakidai deni lile lile. Mwandishi akiingiza damu na dhuluma katika mchezo wake, amekopa. Hawezi kusema baadaye kwamba fedha zilikuwa za ndotoni.

Yamkini mtu atajibu kwamba huo ulikuwa mchezo wa sikukuu, na sikukuu haihitaji mizani nzito. Lakini Conan Doyle mwenyewe aliandika hadithi ya Krismasi, The Adventure of the Blue Carbuncle, iliyotoka Januari 1892. Ni hadithi nyepesi, ya kito kilichokutwa ndani ya bata bukini, nayo yachekesha. Hata hivyo Holmes akiisha kumkamata mwizi amwachilia aende zake, kwa kuwa ni majira ya msamaha, naye ameona kwamba mtu aliyeshtakiwa bure atatoka salama. Wepesi wa sikukuu haukuondoa hukumu. Uliibadili ikawa rehema. Sikukuu yaweza kusamehe deni, lakini yasamehe baada ya kulihesabu.

Ubora wa kisa cha Kua, pamoja na ukatili wake, ni kwamba hakihitaji kuamshwa. Wasimulizi wake hawakusema kwamba watoto wale hawakufa, wala kwamba chumba kile hakikuwapo, wala hawakutoa hukumu badala ya msikilizaji. Waliyaweka matendo mawili mbele yake, karamu ya kushua chombo na karamu ya harusi, wakamwachia mizani. Waandikao tamthilia za televisheni kwa Kiswahili, ambao wanazo njia zote mbili, ile ya Bwana Msa na ile ya Kua, wana la kujifunza katika ugomvi huu. Waweza kuchagua mojawapo, na fundi hodari aweza hata kuziunganisha. Lakini akiisha kuzika watu ndani ya chumba, asimwambie mtazamaji kwamba hapakuwa na mlango.