Breki Inayojua Kusubiri

Magari mengi ya Juba yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Yalishushwa Mombasa, yakapita Uganda, yakaingilia Nimule. Njia nzima hiyo watu huendesha upande wa kushoto, ila ukishavuka mpaka unahamia kulia, maana Sudan Kusini ilirithi utaratibu ulioanza Sudan mwaka 1973. Usukani haukuhama. Dereva anakaa upande wa ukingo wa barabara, na akitaka kulipita lori kwenye zile kilomita 192 za lami kati ya Nimule na Juba, humtegemea aliyeketi kushoto kwake amwambie kama mbele ni kweupe.

Katika baadhi ya magari hayo kuna kamera iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele, katikati kabisa. Hapo ilipo inaiona njia ya wanaokuja vizuri kuliko dereva mwenyewe. Watu wengi huipita macho wakidhani ni pambo. Mimi naiheshimu sana, na heshima hiyo inazidi kila ninapofuatilia inavyofanya kazi.

Chukua gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye barabara ya Gudele, na bodaboda inachomoka uchochoroni. Kila sekunde gari linameza karibu mita 17. Binadamu huhitaji sekunde moja, mara nyingi na zaidi, kuona, kuamua na kukanyaga. Wakati huo rada iliyofichwa nyuma ya nembo ya gari imekwisha kutuma mawimbi na kuyapokea yaliporudi: muda wa kurudi unaipa umbali, na badiliko la mawimbi yenyewe linaipa kasi. Kamera inatazama umbo na kuamua kama ni gari, mtu au pikipiki. Kompyuta inagawanya umbali kwa kasi ya kukaribiana, inapata sekunde zilizobaki kabla ya kugongana, kisha inapiga hesabu hiyo upya, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Hapo ndipo penye uzuri. Gari halirukii breki. Kwanza, katika mifumo mingi, linazisogeza pedi hadi karibu kabisa na diski, taratibu kiasi kwamba abiria hahisi kitu. Kisha linapiga kengele, likimpa dereva nafasi yake. Akikanyaga kidogo, linamwongezea nguvu. Akikaa kimya na sekunde zikakaribia kwisha, ndipo linapofunga breki lenyewe, kwa nguvu zake zote.

Ile hatua ya kumwongezea dereva nguvu ina historia ninayoipenda. Mercedes-Benz waliileta mwaka 1996, baada ya wahandisi wao kuchunguza miguu ya madereva wakati wa dharura. Waligundua kwamba watu huiwahi pedeli lakini hawaikandamizi vya kutosha. Gari likafundishwa kusoma haraka ya mguu na kuelewa alichotaka mwenye mguu.

Lakini kufunga breki ni kazi nyepesi. Iliyowakesha wahandisi ni kutofunga. Pita juu ya daraja la zamani la chuma la Juba na ufikirie rada inapokea nini: kila nguzo na kila pau inarudisha mwangwi. Gari linaloogopa kila mwangwi halitavuka mto huo wa Bahr el Jebel, na likisimama ghafla bila sababu, lori lililo nyuma litalipanda. Ndiyo maana mifumo ya mwanzo ya rada ilifundishwa kupuuza sehemu kubwa ya vitu vilivyosimama, na kamera ikawa msaidizi muhimu. Subaru walichagua njia nyingine mwaka 2008 katika mfumo wao wa EyeSight: kamera mbili zilizoachana kidogo, zinazopata umbali kutokana na tofauti ya picha zao, kama macho yetu yanavyofanya.

Kuna wasiotambuliwa bado. Mifumo mingi iliyomo kwenye magari haya ilifunzwa kutambua magari, watu na baiskeli, na ng'ombe hawamo. Volvo waliunda mfumo wa kutambua wanyama wakubwa wa misitu ya Sweden, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba kangaruu wa Australia waliuchanganya: mnyama akiwa hewani alionekana yuko mbali, akitua akawa karibu. Kwenye barabara ya Terekeka, kundi la ng'ombe wa Wamundari linapovuka, anayejua ni dereva. Ndama akishapita, mama yake atafuata hata honi ilie vipi. Dereva hupunguza mwendo akiwa mbali, anapoona tu fimbo ya mchungaji juu ya nyasi. Mfumo husubiri hatari ijitokeze, naye huisoma kabla haijazaliwa. Nauona huo pia kuwa uhandisi.

Usiku mambo huwa magumu kwa wote wawili. Taa za gari lililotengenezewa Japani, zikiwa zimeshushwa, huinua mwanga upande wa kushoto, ambako kwao ndiko ukingoni. Juba, kushoto ndiko wanakotokea wengine, basi wanapofushwa, na ukingo wa kulia wanakotembea watu unabaki gizani. Kamera haiwezi kutambua isichomulikiwa.

Halafu kuna mawe. Changarawe inaporuka na kupasua kioo cha mbele, fundi hodari atabandika kingine siku hiyohiyo. Kazi inakuwa haijaisha. Kamera lazima ipimwe upya, gari likiwa limesimama pasawa mbele ya ubao wa alama uliowekwa kwa umbali maalumu. Ikipinda nyuzi moja tu, kwenye umbali wa mita 50 imekosea karibu sentimita 90, na hizo zinatosha kumtoa mwenda kwa miguu ukingoni na kumweka katikati ya njia, au kumtoa njiani aliye njiani kweli.