Umati na Umma: Sura ya Watu katika Fasihi ya Mageuzi ya Bunge la Uingereza

Msomaji wa fasihi ya Uingereza ya karne ya kumi na tisa hukutana mara kwa mara na kundi la watu wasio na majina. Hujaa barabarani siku ya uchaguzi, hupiga makelele, huvunja vioo, kisha hutoweka, na hadithi ikaendelea na wenye majina. Makala haya yananuia kuuliza ni nani aliyewavika watu hao sura ya ghasia, na kama kazi zenyewe za sanaa zinaithibitisha hukumu hiyo. Tutazitazama kazi tatu: shairi la Shelley, The Masque of Anarchy, kumbukumbu za Samuel Bamford, Passages in the Life of a Radical, na riwaya ya George Eliot, Felix Holt, the Radical.

Kwanza yafaa tukumbuke mazingira yaliyozizaa. Kabla ya mwaka 1832 kilima cha Old Sarum, ambacho karibu hakikuwa na wakazi, kilipeleka wabunge wawili London, ilhali Manchester, mji mkuu wa viwanda vya pamba, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field mjini humo kudai mageuzi. Wapanda farasi wenye panga walitumwa kati yao. Watu wasiopungua 15 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mnamo Oktoba 1831, Baraza la Malodi lilipoukataa mswada wa mageuzi, moto uliwaka Nottingham na Bristol. Sheria ilipopita hatimaye mwezi Juni 1832, mijini kura ilipewa mwanamume aliyekaa katika nyumba yenye thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Wengi wa wale waliovijaza viwanja wakaachwa nje, na wanawake wakatengwa kwa maneno ya sheria yenyewe.

Shelley alikuwa Italia alipopata habari za Manchester. Alitunga shairi lake kwa lugha nyepesi na mizani ya nyimbo za mitaani, ili lisomwe na watu wa kawaida. Lakini mhariri aliyepelekewa aliogopa mkono wa sheria, likachapishwa mwaka 1832, miaka kumi baada ya mshairi kufa. Ufundi wake mkubwa umo katika kugeuza maana ya neno. Watawala walizoea kuwaita wadai haki watu wa vurugu. Shelley anaitwaa Vurugu hiyo, anaipandisha farasi, anaivika taji, na kuipa mawaziri, majaji na maaskofu wawe wafuasi wake. Hata hivyo, mshairi huyu ana upungufu wake. Watu wake husemeshwa lakini hawasemi. Sauti iliyo kama ya ardhi huwaelekeza wasimame kwa utulivu mbele ya silaha. Wao wenyewe walifikiri nini asubuhi ile, shairi halituambii.

Hilo tunaambiwa na Bamford, mfumaji wa kijiji cha Middleton, aliyewaongoza majirani zake hadi uwanjani na baadaye akafungwa mwaka mmoja gerezani. Anaeleza kwamba watu walikuwa wamefanya mazoezi ya kutembea kwa safu kwa sababu magazeti yalikuwa yamewadhihaki kuwa wachafu na wasio na mpango. Kwa hiyo walikwenda na bendera, muziki na matawi mabichi, wanawake wakiwa miongoni mwao. Nidhamu ile ilikuwa jibu la matusi. Lakini mahakimu waliiona wakaiita maandalizi ya vita. Hapa ndipo tunapouona mtego wenyewe: wasiokuwa na kura wakienda ovyo hudharauliwa kuwa genge, na wakienda kwa mpango huogopwa kuwa jeshi. Si mwenendo wao uliokuwa ukihukumiwa, bali kuwako kwao.

Tukifika kwa George Eliot tunakutana na msanii mwenye uwezo mkubwa zaidi na hofu kubwa zaidi. Desemba 1832, alipokuwa na umri wa miaka 13, ghasia za uchaguzi zilizuka Nuneaton, karibu na kwao, na wahakiki huziona kuwa chanzo cha ghasia zilizomo riwayani. Kitabu kilitoka mwaka 1866, mwaka uleule ambapo wadai kura walizuiwa kuingia Hyde Park na reli za uzio zikaangushwa. Felix, fundi wa saa, anaamini kwamba kura bila elimu na maadili ni chombo kitupu. Siku ya uchaguzi anajaribu kuuelekeza mbali umati uliolewa. Katika purukushani anamwangusha askari, askari anakufa, naye anahukumiwa kifungo cha miaka minne kabla ya kusamehewa.

Wahakiki wengi wameridhika kusema kwamba riwaya inaonya juu ya hatari ya umati. Naona hawakuisoma mpaka mwisho wa hoja yake. Pombe ile ilinunuliwa na nani? Wachimba makaa wa Sproxton hawana kura. Wananyweshwa na wakala wa upande wa mgombea tajiri, Harold Transome, ili makelele yao yawatishe wenye kura. Felix analalamika kwa mgombea mapema, na pombe haikomi. Basi fujo ya riwaya hii imelipiwa. Chanzo chake ni wale waliokwisha kukubaliwa na sheria, lakini adhabu na lawama zinawaangukia waliokataliwa. Mwandishi ametupa ushahidi wote, kisha akatoa hukumu isiyofuatana nao.

Tuangalie pia mfanyakazi anayehutubia siku ya kutangazwa wagombea. Anadai kura kwa kila mwanamume na kura ya siri, na anaongea kwa wepesi kuliko waungwana waliomtangulia. Lakini mwandishi hakumpa jina. Felix anapanda baada yake, anamrekebisha, na yule mtu anapotea. Madai yake hayakupotea: yalikuwa miongoni mwa madai sita ya Mkataba wa Watu wa mwaka 1838, ambayo matano yalikuja kuwa sheria. Historia ilimpa haki msemaji ambaye riwaya ilimnyima hata jina.

Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Anayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili atakutana na neno fupi la dharau ambalo Kiingereza cha enzi hiyo kilikuwa nalo kwa mkusanyiko wa watu, na itambidi achague: umati, halaiki, genge, wahuni, ghasia? Akiandika wahuni amekwisha kutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Wala hatuwezi kujidai kwamba ni mambo ya mbali. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, kura ilipimwa kwa sifa kama elimu, mapato na mali, na mtu mmoja aliweza kupewa hata kura tatu huku jirani yake hana yoyote. Ulikuwa ndugu wa kipimo kile cha pauni 10.

Lugha yetu ina funzo lake hapa. Umati na umma ni maneno ya shina moja. La kwanza tumeliachia wingi wa watu uwanjani, na la pili tumelipa heshima ya haki na mali ya wote. Riwaya ya Eliot inausimamisha umati mlangoni na kuuliza kama umestahili kuwa umma. Bamford, aliyetembea ndani yake, anashuhudia kwamba asubuhi ile, kabla panga hazijachomolewa, ulikuwa umma tayari.