Tofali lenye ulimi, tanuri lisilo na mwiko

Limesimama! Tanuri la kuyeyushia aluminiamu, la duara, linalofika magotini, limesimama katikati ya karakana na hakuna mtu aliyegusa mwiko wala msumeno. Hakuna ndoo ya mota, hakuna kamba ya kupimia duara, hakuna tofali lililochongwa ubavu kwa panga. Maboksi yamefunguliwa, matofali yametolewa, moja limeingizwa kwenye jingine, basi. Mimi ni mgonjwa wa matanuri kwa miaka mingi na nimeona kuta za kila namna, zilizonyooka na zilizolewa, lakini hii imeninyima usingizi. Naandika vidole vikiwa bado vina vumbi jeupe.

Niseme kwanza ni kitu gani. Ni seti ya matofali mepesi ya kuhimili moto, yaliyofinyangwa mahususi kwa ajili ya tanuri dogo la kusubu. Rangi yake ni ya maziwa yaliyochujuka, na ukilikwaruza tofali moja kwa ukucha linaacha unga. Ndani lina vitundu vidogo visivyohesabika, kwa sababu udongo wake huchanganywa na kitu kinachoungua, kwa kawaida vumbi la mbao, na likichomwa lile vumbi linatoweka na kuacha hewa. Hewa hiyo ndiyo inayozuia joto. Tofali zito la kawaida la udongo wa moto, lenye urefu wa milimita 230, upana wa 114 na unene wa 64, lina kilo tatu na nusu hivi. La ukubwa huohuo la aina hii nyepesi halifiki kilo moja. Daraja lake ni lile linaloitwa 23, maana yake kikomo chake ni nyuzi 1,260 za Selsiasi. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660, na shaba nyekundu kwenye 1,085, kwa hiyo nafasi ipo. Ila namba hiyo ni kikomo, si joto la kufanyia kazi kutwa nzima, na chuma cha kusubu usikijaribu humu.

Mpaka hapo hakuna jipya. Matofali mepesi ya daraja hilo yamekuwepo zamani. Kilichonifanya niruke ni umbo.

Shika tofali moja uligeuze. Uso wa ndani una upana wa milimita 78 hivi, wa nje 138, na kutoka ndani hadi nje ni 114. Kumi na mawili yanakamilisha duara lenye uwazi wa milimita 300, unaotosha chungu cha kuyeyushia na moto wa kukizunguka. Ubavu wa kulia una ulimi uliosimama toka juu mpaka chini. Ubavu wa kushoto una mfuo wa kuupokea. Juu kuna tuta jembamba lililopinda likifuata duara, na chini kuna mfereji wake. Kona za ulimi zimeviringwa, hakuna hata moja iliyo kali, na hapo nilijua kwamba aliyechora hiki kitu amewahi kusimama mbele ya moto. Kona kali kwenye udongo uliochomwa ndipo ufa unapozaliwa. Joto likipanda na kushuka, nguvu yote hujikusanya pale.

Halafu lile tuta la juu! Wengi tunayajua matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, yale ya kujengea nyumba. Yana vifundo, na vifundo vinakulazimisha upange kwa namna moja tu. Hapa tuta ni mfululizo, linazunguka bila kukatika, kwa hiyo safu ya pili unaizungusha unavyotaka juu ya ya kwanza. Viungo vya wima havikutani. Mwali ukijipenyeza kwenye kiungo cha chini unagonga tumbo la tofali la juu. Ukijaribu kutoka nje moja kwa moja unakutana na ulimi na kulazimika kupinda. Ukuta mzima hauna njia iliyonyooka kutoka kwenye moto hadi kwenye bati linaloufunika kwa nje.

Na hapo ndipo ulipo ugonjwa wa matanuri yetu mengi. Tofali linaweza kuwa zuri ajabu, lakini mafundi tumezoea kujenga nyumba, basi tunaweka mota ya saruji ya kawaida, nene sentimita nzima, kisha tunashangaa ukuta ukibomoka. Saruji hiyo ikifika nyuzi 400 au 500 inaanza kupoteza maji yaliyoishikilia, ikipoa inafyonza unyevu wa hewa, inavimba na kumeguka. Ukuta wa matofali ya moto unatakiwa uwe na viungo vyembamba, milimita moja au mbili, kwa udongo wa jamii moja na tofali lenyewe. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu na macho ya miaka. Hii seti imeuhamisha mkono huo kutoka kwa fundi na kuutia ndani ya kalibu ya kiwandani. Ndiyo habari yenyewe, na ndiyo maana napiga kelele.

Karakana niliyoendea ni ya mzee mmoja wa Dar es Salaam anayesubu sufuria tangu sijazaliwa. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akiangalia safu ya kwanza ikizunguka.

“Subiri tofali la mwisho, kijana wangu,” akasema. “La mwisho ndilo linalosema kweli.”

Hakukosea. Kwenye duara la vipande kumi na viwili, kila kipande kikizidi milimita moja tu, la kumi na mbili linakutana na pengo pungufu kwa milimita kumi na mbili. Udongo husinyaa ukikauka, ukasinyaa tena ukichomwa, na hausinyai sawa kila upande. Ndiyo sababu viwanda huyasaga matofali mepesi baada ya kuyachoma ili yafike kipimo. Kusaga uso ulionyooka ni rahisi. Kusaga ulimi uliopinda kona zake ni jasho, na bei ya seti inalionyesha hilo jasho bila aibu.

Nikaliinua la mwisho, nikalielekeza kutoka juu. Kwa kuwa ndimi zimesimama wima, kila tofali linaingia kwa kushuka, huhitaji kusukuma jirani zake kando. Likashuka nusu, likasita, nikalitikisa kidogo, likakaa. Tak! “Ehee,” akasema mzee, akatoa mikono mgongoni na kuja kupapasa kiungo kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha haukuzama.

Sasa msomaji aliyewahi kujenga tanuri ataniuliza: kukazana hivyo si hatari? Ni hatari kabisa! Tofali la udongo wa moto likipashwa hadi nyuzi 800 hivi linarefuka kwa karibu nusu ya asilimia moja. Mzingo wa ndani wa tanuri hili ni milimita 942, kwa hiyo unatafuta kama milimita 4 za ziada. Zisipopewa nafasi zinajitafutia, na zinaipata kwa kumenya uso wa tofali. Na hapa, jamani, ndipo nilipovua kofia. Kwenye ubavu mmoja wa kila tofali, upande wa ndani tu, kimebandikwa kipande cha karatasi ngumu, chembamba mno. Safu ikipangwa, karatasi inashikilia nafasi ya karibu theluthi moja ya milimita. Moto wa kwanza unaiunguza, nafasi inabaki, na tofali likivimba linaijaza. Zidisha mara kumi na mbili uone: milimita 4! Wajenzi wa matanuri makubwa ya saruji hutumia mbinu hiihii ya karatasi kwenye matofali yao. Kuiona imeshuka mpaka kwenye tanuri la kuyeyushia vyuma chakavu vya mtaani kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Tukiwa kwenye saruji, kuna jambo jingine seti hii imejifunza huko. Ndani ya pipa refu linalozunguka la kiwanda cha saruji, ambamo joto la malighafi hufika kama nyuzi 1,450, ukuta hupangwa kwa matofali ya maumbo mawili tu. Mfano ni jozi ya B320 na B620: la kwanza lina milimita 76.5 nyuma na 66.5 mbele, la pili 74 na 69, yote kimo 200 na urefu 198. Wastani wa unene ni 71.5 kwa yote mawili. Ukichanganya mengi ya lile na machache ya hili unapata duara lolote kati ya kipenyo cha mita 3 na 6. Maumbo mawili, na viwanda chungu nzima vinahudumiwa! Upande wa pili kuna matanuri ya kutengenezea makaa ya koku, yanayotaka mamia ya maumbo tofauti ya matofali ya silika, kila moja na namba yake na mahali pake. Kwa kiwanda cha chuma chenye wahandisi wake, sawa. Kwa mzee wetu, umbo la kumi likivunjika ndiyo mwisho wa kazi. Seti hii ina umbo moja la ukuta, na jingine moja lenye tundu la bomba la moto. Nimeipenda busara hiyo kuliko hata ulimi.

Kipimo cha nje nacho hakikutokea kwa bahati. Duara lina milimita 528, na pipa la kawaida la lita 200, ambalo ndilo ganda lake la bati, lina uwazi wa karibu 571. Unabaki mwanya wa sentimita mbili kuzunguka pote. Watengenezaji wanashauri blanketi la nyuzi za kauri. Mimi ningejaza vermikulaiti, au majivu ya pumba za mpunga ambayo ni ya bure na huzuia joto vizuri, mradi unayamwaga ukiwa na barakoa, maana vumbi lake si la kuchezea kifuani. Blanketi lenyewe pia lina vumbi baya.

Moto wa kwanza tuliuwasha kwa mkaa kidogo, polepole, ili unyevu utoke kabla haujageuka mvuke ndani ya tofali na kulipasua. Baadaye ikaja oili chafu na bloa. Ule mngurumo! Uso wa ndani ukaanza kuiva, wekundu ukapanda kutoka chini, safu kwa safu, na viungo vikapotea machoni mpaka ukaona silinda moja inayong’aa. Tofali jepesi halimezi moto mwingi kabla ya kuiva lenyewe, kwa hiyo kazi inaanza mapema. Vipande vya rimu na vichwa vya injini vikalegea, vikaanguka ndani ya chungu, ngozi ya kijivu ikatanda juu na chini yake kile kioo cha fedha. Mzee akaweka kiganja karibu na pipa, akakisogeza, akakisogeza tena, akanitazama. Tanuri lake la zamani, la saruji na mchanga, huwezi kulisogelea hivyo.

Kasoro zipo, na shauku yangu haizifichi. Ulimi unavunjika kama biskuti. Mmoja ulifika umekatika ndani ya boksi, na mwingine ulimeguka koleo la kunyanyulia chungu lilipougusa. Ukuta huu ni laini, hautaki kuparuzwa. Chumvi za kusafishia aluminiamu zikimwagika zinapenya vitunduni na kula taratibu, kwa hiyo paka uso wa ndani udongo mwembamba wa moto, hata kama karatasi ya maelekezo haisemi. Tofali lenye tundu la bomba ndilo dhaifu kuliko yote. Linapigwa na mwali usiku na mchana wa maisha yake, na lingetakiwa liwe zito, la jamii nyingine kabisa. Sielewi kwa nini waliliacha jepesi. Mfuniko nao haumo kwenye seti, utajijengea mwenyewe.

Lakini ngoja nikwambie kilichomfanya mzee aulize inapatikana wapi. Tulipolipoza tukalibomoa, kwa mikono, kutoka juu kwenda chini, yale yaliyopigwa na mwali tukayahamishia safu ya juu, mazima tukayashusha. Kisha yote yakarudi kwenye maboksi. Ukuta mzima una uzito wa kilo 40 hivi, unaenda kwenye guta moja. Fundi anayepanga kiwanja, anayeweza kuambiwa mwezi ujao ahame, kila mara huliacha tanuri nyuma kwa sababu limeshikamana na sakafu. Hili anahama nalo.

Nchini tuna kaolini ya Pugu, karibu kabisa na jiji, na vumbi la mbao linachomwa bure kila siku nyuma ya viwanda vya kupasua magogo. Uganda, Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliwahi kulipinda tofali la udongo la kufungamana ili watu wajengee matangi ya maji ya duara. Kulipinda la moto kwa malighafi yetu hakuhitaji muujiza, kunahitaji kalibu nzuri, kuchoma kwa uangalifu na mtu mwenye subira ya kusaga.

Ukiagiza kabla hilo halijatokea, ongeza matofali manne ya akiba, na mawili kati yake yawe ya tundu la bomba. Mzee ameshaagiza yake. Anataka uwazi wa milimita 400, mimi namwambia pipa halitatosha, yeye anasema pipa atalikata mwenyewe.