Asilimia Kumi ya Nini? Uhakiki wa Istilahi za Malipo ya Kununua Nyumba

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki kundi dogo la maneno ambayo kila mnunuzi wa nyumba hukutana nayo, na ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia kila siku bila kuyapima. Maneno yenyewe ni ada, kodi, ushuru, gharama, na lile neno "mengineyo" linaloandikwa mwishoni mwa mikataba. Hoja yetu ni moja: malipo hayafichwi kwa kunyamaziwa tu. Hufichwa pia kwa kupewa jina lisiloonyesha nani analipa, nani anapokea, wala kwa sheria ipi.

Tuchukue mfano wa Ngorongo, katika bonde la Rufiji, mkoani Pwani. Anayenunua nyumba kijijini hanunui ardhi yenyewe, kwani kisheria ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake. Hununua nyumba pamoja na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake, haki ambayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, huitwa hakimiliki ya kimila. Uhamisho wa haki hiyo huhitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, wala si ya mtu mmoja.

Hapo ndipo maneno yanapoanza kupotoka. Katika vijiji na mitaa mingi ya nchi yetu mnunuzi huambiwa kwamba kuna "asilimia kumi" ya kulipwa kwa ajili ya kushuhudia mauziano. Tunauliza: asilimia kumi ya nini, na kwa kazi gani? Asilimia si jina la malipo, ni kipimo. Kudai "asilimia kumi" ni sawa na kudai "kilo mbili" bila kutaja za nini. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa sehemu ya kumi ya bei ya nyumba ya mtu. Lakini kwa kuwa dai lenyewe limevaa nguo za hesabu, huonekana kama kodi halali.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ikiuzwa shilingi 8,000,000, asilimia kumi hiyo ni shilingi 800,000. Kama nyumba ya bei hiyo ingekuwa na hatimiliki iliyosajiliwa, ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja, ungekuwa shilingi 80,000. Malipo yasiyo na sheria yanakuwa mara kumi ya yale yenye sheria.

Neno la pili ni kodi. Mpangaji hulipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hulipa kodi ya majengo kwa serikali. Mwenye hatimiliki hulipa kodi ya pango la ardhi. Juu ya hayo tuna "kodi ya ongezeko la thamani" na "kodi ya ongezeko la mtaji", majina yanayotofautiana kwa neno moja tu. Ya kwanza hutozwa katika bidhaa na huduma. Ya pili hutozwa katika faida aliyoipata muuzaji wa mali. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 humtwika muuzaji mzigo huo wa pili, lakini uhamisho wa hatimiliki hausajiliwi mpaka kodi hiyo iwe imelipwa. Mnunuzi aliyekwisha kukabidhi fedha zote hujikuta akilipa deni la mwenzake ili apate hati yake. Jina "kodi ya faida ya muuzaji" lingemzindua mapema.

Neno la tatu linatujia kutoka ng'ambo. Wamarekani husema mauziano ya nyumba "yanafungwa", na malipo ya siku ile huyaita gharama za kufunga. Wako wanaotaka kulihamisha jina hilo kama lilivyo. Kwetu nyumba hufungwa kwa ufunguo, na biashara iliyofungwa imekufa. Lililo bora kuigwa ni utaratibu wao: tangu Oktoba 2015, mkopeshaji wa fedha za nyumba analazimika kumpa mkopaji karatasi yenye gharama zote angalau siku tatu za kazi kabla ya kutia sahihi. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi "gharama za kukamilisha mauziano", na chini yake mgawanyo ufuatao. Kodi na ushuru viwe vile vinavyotozwa na dola kwa sheria iliyotajwa. Ada iwe malipo ya huduma ya ofisi, yenye stakabadhi. Udalali uwe ujira wa dalali, uliokubaliwa kabla ya kazi. Kisichoingia katika mafungu hayo kiitwe bakhshishi, na bakhshishi mtu ana haki ya kuikataa. Neno "mengineyo" lifutwe kabisa.

Jambo hili si la kupamba kamusi. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na neno lililoandikwa kijijini laweza kesho kusomwa mbele ya baraza la ardhi. Tena mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yaliwafanya watu wengi wayahame makazi yao. Anayetafuta nyumba baada ya kukimbia maji hana nafasi ya kubishana juu ya maana ya maneno, anatia sahihi. Tunawaomba walimu wauingize mkataba wa mauziano katika masomo ya ufahamu, na maofisa watendaji waandike kila malipo kwa jina lake, mlipaji wake, mpokeaji wake na sheria yake. Malipo yasiyoweza kuandikwa hivyo yasidaiwe.