Tumejuaje?

Nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga miradi, na vingi hufa baada ya chai ya saa nne. Bosi anafungua, bosi anasema anavyoona, sisi tunatikisa vichwa, katibu anaandika "wajumbe waliafiki". Ndiyo maana mpaka leo namkumbuka mama mmoja aliyetuendeshea kikao Dodoma, cha mradi wa kioski cha maji kijijini. Wenyewe wanamwita mwezeshaji, neno lililochakaa kwa kubandikwa kila mtu mwenye bango kitita na kalamu.

Hakuanza na malengo. Aligawa vikaratasi, akasema: "Mwaka umepita. Kioski kimefungwa, kufuli lina kutu. Kila mtu aandike kimeuawa na nini. Msiangaliziane."

Mbinu si yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, aliieleza mwaka 2007 katika jarida la Harvard Business Review. Ujanja wake ni kwamba mtu anayeona haya kusema mradi utakufa, haoni haya kueleza umekufaje. Kilichokuwa cha mama huyu ni zamu: dereva alisoma karatasi yake kwanza, mkurugenzi mwisho. Bosi akishasema, waliobaki hurudia tu.

Dereva alikuwa ameandika maneno manne: "Mvua. Maji ya bati."

Tukacheka. Mama hakucheka. Aliibandika ukutani, akaigeuza: "Kwa hiyo ili kioski kijiendeshe, lazima iwe kweli kwamba watu watanunua maji miezi yote 12. Tumejuaje?"

Kimya. Ufundi wenyewe niliuona hapo, kwani hakuharakisha kukivunja kimya kile. Alisimama, kalamu haijafunguliwa kifuniko, mpaka mhasibu akajikuna shingo na kukiri kwamba alichukua makisio ya Septemba akayazidisha mara 12. Wala hakuaibika, maana hakuulizwa "umejuaje". Herufi moja tu imeongezeka, lakini kosa likawa la wote.

Swali hilo lisipoulizwa, hasara huwa kubwa. Dodoma si mbali na Kongwa, kwa hiyo wazee wa huko wanaijua hadithi ya karanga. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe kukagua ardhi ya Tanganyika kwa ajili ya kilimo cha karanga. Ukaimaliza kazi kwa wiki tisa. Mwaka uliofuata kazi ikaanza, lengo likiwa ekari zaidi ya milioni 3. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na karanga ziko ndani yake. Mvua za Ugogo nazo haziaminiki, jambo ambalo Mgogo yeyote mwenye shamba angewaambia bure. Mradi ulifutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Kikaoni kwetu, dhana za aina ile ya miezi 12 zilizidi 20. Kwa kila moja aliuliza mambo mawili: isipokuwa kweli, mradi unaanguka? Na ushahidi tulio nao ni upi? Zilibaki tatu ukutani, nyingine akazitia kwenye bahasha.

Mkurugenzi akataka tuandae dodoso, twende kuwauliza wanakijiji kama watanunua maji. Mama akakataa, kwa upole. "Mkimuuliza mtu, atawajibu ndiyo kwa adabu. Daftari halina adabu." Kijiji cha jirani kilikuwa na kioski siku nyingi, na daftari lake la mauzo. Jaribio zima likagharimu nauli ya bodaboda.

Mhasibu alirudi na picha kwenye simu. Kurasa za Septemba na Oktoba zilijaa mpaka pambizoni, mwandiko umebanana. Ukurasa wa Januari ulikuwa na tarehe, sifuri, tarehe, ndoo tatu, na alama ya duara ya kikombe cha chai. Muuzaji alikuwa na muda wa kunywa.

Bajeti mpya iliandikwa kwa miezi saba ya mauzo, na ile mitano ikatafutiwa fedha kwingine.