Chungu Kilichopakwa Nusu

Kwenye maduka ya vitu vya kale nchini Ufaransa kuna chungu kinene chenye masikio mawili, juu kinang'aa njano au kijani, chini udongo mtupu. Ukikitupia jicho utadhani mfinyanzi aliishiwa na rangi. Hakuishiwa. Mstari unaotenganisha sehemu hizo mbili unaonyesha chungu kilikaaje nyumbani.

Wakulima wa Gascogne, Périgord na maeneo ya Castelnaudary walikitumia kuhifadhi nyama iitwayo konfi. Majira ya baridi walichinja bata na bata bukini walionona, wakaipaka nyama chumvi na kuilaza usiku kucha, kisha wakaipika kwa saa kadhaa ndani ya mafuta ya ndege yule yule, moto mdogo, bila kuyaacha yachemke kwa nguvu. Vipande vikapangwa chunguni, mafuta ya moto yakamiminwa hadi kuvifunika. Yalipopoa yaliganda yakawa kifuniko cheupe kisichopitisha hewa. Aliyechota kipande ilimpasa asawazishe mafuta tena, nyama isibaki wazi.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na hatari pia. Moto ule mdogo huua bakteria wengi, lakini hauziui mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu, nao hustawi pasipo hewa. Kilichowazuia ni chumvi pamoja na baridi. Ndiyo maana chungu kilishushwa kwenye stoo ya chini ya nyumba, nusu yake ikafukiwa katika mchanga au udongo wenye ubaridi. Sehemu ya kufukiwa haikuhitaji kung'arishwa.

Ndani, hata hivyo, kilipakwa chote. Sisi tunaujua mtungi wa maji: vitundu vyake hutoa jasho, na jasho likikauka maji hupoa. Chungu cha konfi kilitakiwa kifanye kinyume. Mafuta yakiingia kwenye vitundu vya udongo huchacha humo humo, na harufu haitoki tena kwa kuosha. Basi mfinyanzi alipaka mchanganyiko wenye madini ya risasi, kwa kuwa risasi huufanya mchanga uyeyuke na kuwa kioo kwenye joto ambalo tanuri la kuni linaweza kulifikia, takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi. Shaba ilitoa kijani, chuma kikatoa njano. Napenda sana matone yaliyochuruzika na kuvuka mstari: huko ndiko unakouona mkono wa mtu.

Makopo na mitungi ya kioo, kwa njia ambayo Nicolas Appert aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1810, na baadaye friji, vilikipokonya chungu kazi hiyo. Leo vyungu hivi hushika miiko, miavuli na maua makavu, na hayo yanavifaa. Chakula kisirudi humo, hasa achari, siki na ndimu, kwa sababu asidi huitoa risasi kwenye kioo kilichopakwa chungu na kuiingiza katika chakula.