Uaminifu wa Asembla

Wapo mafundi wa kompyuta ambao kazi yao ikienda sawasawa hakuna anayeiona. Miongoni mwao ni wale wanaoiwezesha asembla moja kusoma programu iliyoandikwa kwa lahaja ya asembla nyingine. Mtu anachukua faili la zamani, analipitisha, linakubalika, naye anaendelea na shughuli zake. Ufundi huo nausifu kwa moyo wote, kwa sababu unadai uadilifu ambao ingefaa kila mwandishi wa programu auige.

Prosesa haielewi maneno, inaelewa baiti. Asembla ndiyo programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa vifupisho, kama vile “mov” na “add”, na kuzigeuza kuwa baiti hizo. Mtu angetarajia kwamba prosesa ikiwa moja, namna ya kuiandikia nayo iwe moja. Haikuwa hivyo. Intel ilitoa prosesa ya 8086 mwaka 1978, na watengenezaji wa asembla wakajiamulia kanuni zao. Mwaka 1981 Microsoft ilitoa MASM, na programu nyingi za DOS, na baadaye za Windows, zikaandikwa kwa lahaja yake. Mwaka 1996 Simon Tatham na Julian Hall wakaanzisha NASM, iliyofuata mtindo wa Intel lakini ikaukataa utata mwingi wa MASM.

Tazama mstari mmoja tu: “mov eax, bei”. Hapa “bei” ni jina la mahali katika kumbukumbu palipohifadhiwa namba. Kwa MASM, mstari huu unaagiza: nenda palipoitwa bei, chukua namba iliyopo, uiweke katika rejista ya eax. Kwa NASM, mstari huohuo unaagiza: weka katika eax anwani ya bei. Hiyo ni tofauti ya namba ya sanduku la posta na barua iliyomo ndani yake. Anayetaka anwani kwa MASM huandika “mov eax, offset bei”. Anayetaka namba yenyewe kwa NASM huandika “mov eax, [bei]”. Katika programu za biti 32, kila moja ya amri hizi ina baiti tano. Ya kuchukua anwani huanza na B8, ya kuchukua kilichomo huanza na A1, na baiti nne zinazofuata ni anwani ileile. Tofauti yote imebebwa na baiti moja.

Mstari unaokataliwa hauna madhara makubwa, kwa kuwa mwandishi ataona ujumbe wa kosa na kurekebisha. Lakini “mov eax, bei” inakubalika kote kuwili. Hakuna onyo lolote. Programu inatengenezwa, inaendeshwa, na mahali pa kujumlisha bei inajumlisha anwani. Kwa hiyo anayetaka kuzipatanisha lahaja hizi hawezi kuridhika kwamba faili limepita. Inambidi aulize kama maana yake imepita nalo.

Wasimamizi wa NASM waliliendea jambo hili kwa busara. Toleo la 2.15, la mwaka 2020, lilikuja na kifurushi kinachoitwa kwa amri ya “%use masm”. Ukishakiita, neno OFFSET linatambuliwa kisha linapuuzwa, maana kwa NASM jina tupu tayari ni anwani. Neno PTR halipuuzwi. Mstari “mov eax, dword ptr bei” unasomwa kana kwamba jina limewekwa ndani ya mabano ya mraba, na kilichomo ndicho kinachochukuliwa. Maneno mawili ya lahaja moja yametendewa kwa njia mbili tofauti, na kila moja limebaki na maana aliyoikusudia mwandishi.

Kisha wakaweka mpaka, na mpaka huo wakauandika. Mwongozo wa NASM unaeleza kwamba kifurushi hiki ni kidogo, kimekusudiwa hasa msimbo uliotolewa na programu nyingine, na hakishughulikii ASSUME, aina za majina wala miundo ya data ya MASM. Sababu yake iko kwenye mstari uleule wa bei. Programu za namna hiyo, kama kompaila, hazichoki kuandika, hivyo huweka PTR na OFFSET waziwazi. Binadamu huandika “mov eax, bei” akitegemea MASM ikumbuke kwamba bei ilitangazwa kuwa namba ya baiti nne. NASM kwa makusudi haitunzi kumbukumbu ya namna hiyo. Kuiongezea kungekuwa kuvunja kanuni ambayo watumiaji wake wameitegemea miaka yote.

Hata kuipima kazi hii kunahitaji ujuzi. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kulinganisha baiti za asembla hizo mbili. Lakini “mov eax, ebx” inaweza kuandikwa 89 D8 au 8B C3, na prosesa itafanya jambo lilelile. Fundi anayeiita tofauti hiyo kosa atapoteza siku bure, na anayezoea kupuuza tofauti zote ataipitisha B8 palipotakiwa A1. Lazima aijue prosesa yenyewe, pamoja na lahaja zote mbili.

Wewe unayeandika programu ya kusoma kazi za wengine, ziwe hati, hesabu au msimbo, fuata mfano huu. Kipokee unachoweza kukitunzia maana yake. Usichokiweza kikatae kwa ujumbe ulio wazi, na mpaka wako uuandike kwenye mwongozo kabla mtumiaji hajaugundua kwa hasara. Programu inayokubali kila kitu bila kuelewa haifai kuaminiwa.